Nilikamua Oda Iliyokuwa Kavu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kunisema niseme tu, maana kila ninayemweleza ananionea huruma na huruma yao hainisaidii kitu. Sikuandikii habari za mume, mume wangu hana neno, wala sijafumaniwa wala sijadhulumiwa mali, shida yangu ni mashuka, mashuka mia mbili, na kama umeanza kucheka nakuomba usome hadi mwisho kwanza.

Mimi ni mshonaji wa mashuka ya hospitali, mwaka wa ishirini na mbili huu, nina karakana yangu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba kirefu chenye madirisha sita upande mmoja, vyerehani vitano na meza ya kukatia ambayo familia nzima ingeweza kulala juu yake na mgeni akapata nafasi, na nitasema bila haya kwamba hakuna anayeshona shuka la hospitali kama mimi. Watu wanadhani shuka ni kitambaa chenye pembe nne basi. Shuka la hospitali, mshauri, linachemshwa, linatiwa dawa, linatupwa kwenye ile mashine ya kukamua inayotingisha sakafu, linapigwa pasi ya moto mkali, na kesho yake linaanza upya, kwa hiyo pindo likiwa la mshono mmoja linafumuka ndani ya miezi minne, na langu ni la mishono miwili pande zote, na kona naikunja kwa mkono kwa namna ambayo nimewafundisha watu wanne tu. Mwaka jana niliona shuka langu kwenye wodi ya wanaume, lina alama ya miaka kumi na moja nyuma, katikati limelika hadi ukiweka mkono chini yake unauona, lakini pindo liko pale pale kama limeshonwa juzi, nikasimama nikalishika, muuguzi akaniuliza kama mgonjwa ni ndugu yangu, nikamwambia hapana, shuka ndilo ndugu yangu.

Sasa nikueleze tunavyofanya kazi ili uelewe nilivyopotea. Mkataba wangu na hospitali unasema kila mwaka mtu wa stoo ananiletea makadirio ya mashuka watakayohitaji, mimi namjibu kwa barua yenye mhuri kwamba nina uwezo wa kuyashona, halafu wakati ukifika hospitali inachukua kadiri itakavyotaka. Yaani yeye anaweza kuandika chochote na asichukue, na mimi naweza kuthibitisha chochote na asije mtu kukagua. Miaka mingi mtu wa stoo alikuwa mzee mmoja tuliyezoea kumwita Bwana Stoo, na huyo mwaka wa kwanza aliandika mashuka mia sita, mimi mgeni wa kazi nikaamini, nikashona mia sita, akachukua mia nne, na mia mbili yakakaa kwenye rafu zangu mwaka mzima hadi mikunjo ikawa ya njano. Mwaka uliofuata akaandika tena mia sita, na msimamizi wangu wa meza ya kukatia, mama mmoja mwenye maneno, akaiangalia ile karatasi akasema, "Mama, hii oda ina maji. Tuikamue kwanza." Tangu siku hiyo neno likabaki, oda ikiingia karakana haikatwi kitambaa kabla haijakamuliwa, tunatoa theluthi, na kila mwaka Bwana Stoo anaandika mia sita na kuchukua mia tatu tisini au mia nne na kumi, na kila mwaka mimi namwandikia kwamba niko tayari kwa mia sita huku nina kitambaa cha mia nne na kidogo cha akiba. Sijawahi kukosea, mshauri, miaka ishirini, nikajiona bingwa, nikawa nawaambia wanangu kwamba mama yenu anaisoma oda kama daktari anavyosoma ulimi.

Bwana Stoo alistaafu mwanzoni mwa mwaka huu, na aliyepewa nafasi yake, kwa majaribio ya miezi sita, ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Nampenda wifi yangu lakini lazima nikwambie jinsi alivyo. Huyu hana dogo. Mvua ikimnyeshea anasema ameogelea hadi nyumbani, jino likimuuma anatuaga mmoja mmoja, na mwanangu wa kwanza alipohitimu masomo alituambia tujiandae kwa wageni mia moja, tukakodi viti mia moja, wakaja watu ishirini na watatu na wawili kati yao walikuwa wamekosea nyumba. Familia nzima tunajua, wifi akikupa namba unaigawa mara nne ndipo unaanza kufikiri.

Basi oda yake ya kwanza ikaja. Hospitali inafungua wodi mpya ya wazazi, na wifi aliandika mashuka mia sita, na chini yake akaongeza kwa mkono, "Nimehesabu kitanda kwa kitanda." Nilimsomea msimamizi wangu mstari huo na tulicheka hadi fundi wa cherehani cha dirishani akasimamisha kazi kuuliza kuna nini. Hata hivyo nilipiga simu, nisije nikalaumiwa.

"Wifi, mia sita kweli?"

"Kweli tupu, wifi yangu. Vitanda mia, seti tatu tatu, kila seti mashuka mawili. Tena wazazi wanavyochafua ningekuomba elfu moja, ila nimejizuia."

"Wewe umejizuia?"

"Nimejizuia hadi mbavu zinauma!"

Tukacheka wote wawili, yeye akidhani nacheka naye, nami nikakata simu nikamwambia msimamizi, huyu hata haoni aibu, kamua. Kitambaa chetu hakiuzwi dukani, ni pamba nzito inayofumwa kiwandani kwa zamu, unaweka nafasi mapema na inachukua wiki sita, na robota moja linatoa mashuka hamsini, kwa hiyo mia sita ni marobota kumi na mawili na mimi niliagiza manane. Siku hiyo hiyo, kwa mkono huu huu ninaoandikia, niliandika barua ya kuthibitisha kwamba karakana yangu ina uwezo na kitambaa cha mashuka mia sita, nikapiga mhuri na kumtumia.

Alhamisi iliyopita wifi alinialika nikaone wodi. Mshauri, sikumtambua. Yule mtu anayepiga kelele sebuleni kwangu alikuwa amevaa miwani, ana funguo kiunoni na daftari mkononi, anaongea taratibu, na kila kitanda amekiandika namba kwa rangi nyeupe mguuni. Alinitembeza. "Hiki cha thelathini na saba mguu mmoja ulikuwa mfupi, nimekirudisha kwa fundi, kimeletwa jana," akaniambia, na kando ya kila kitanda kuna kabati dogo lenye kikaratasi alichobandika mwenyewe kinachosema mashuka mangapi yatakaa humo. Mimi huku nahesabu kimoyomoyo. Nilifika mia. Nikajifanya nataka kuona madirisha nikarudi nikihesabu upya kutoka upande wa pili, nikafika mia tena, na seti moja kitandani, moja kwa wafuaji, moja kabatini, mara mashuka mawili, mara vitanda mia, ni mia sita kavu kabisa, hakuna hata tone la kukamua.

Muuguzi mkuu akatukuta pale mlangoni, akamuuliza wifi kama mashuka yana wasiwasi wowote. Wifi akamjibu, "Huyu ni wifi yangu, lakini hilo liweke pembeni. Wodi hii nzima nimehesabu kila kitu mara mbili isipokuwa mashuka, kwa sababu huyu ameshathibitisha kwa barua." Akanishika bega. Alikuwa ananionea fahari, mshauri, na mimi nimekumbatia mkoba wangu kifuani kama mtu aliyepanda gari asilolijua, nikatabasamu, nikasema, "Msijali."

Wodi inafunguliwa baada ya wiki nne, na wiki hiyo hiyo kinakaa kikao cha kumthibitisha wifi kazini au kumwambia ahsante kwa heri. Mimi ninayo mashuka mia nne yamekunjwa kwenye rafu, mazuri kuliko yote niliyowahi kushona, na hizo mia mbili hazipo, na kiwandani wanasema hata nikiagiza leo ni wiki sita zile zile. Mume wangu anasema, "Mwambie kiwanda kimechelewesha, nani atakwenda kuuliza?" Msimamizi wangu anasema sokoni kuna pamba nyepesi inayofanana, tuishonee pindo letu zuri na hakuna atakayejua mpaka baada ya kufuliwa mara kadhaa, na wakati huo wifi ameshathibitishwa. Wote wawili wananipenda na ndiyo maana nawaogopa. Mimi sijawahi kuchelewesha shuka hata moja, watu wa mtaa wananiita Mama Pindo na mimi naitika kwa raha, sasa nikamwambie wifi yangu kwamba nilimwandikia uongo wenye mhuri kwa sababu nilimwona mropokaji? Akifukuzwa kazi kwa ajili yangu nitakaa naye vipi katika familia moja, nimtazame kwa macho gani? Na nikidanganya akathibitishwa, si ni afadhali kwake? Nisaidie, mshauri, nimefikiri hadi kichwa kimekuwa kizito.

Mama Pindo

*

Mama Pindo,

Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Nilicheka mahali pamoja tu, pale pa wageni waliokosea nyumba. Kwingine kote nilikuwa natikisa kichwa, na nilipofika pale uliposema "Msijali" niliweka barua mezani nikazunguka chumba. Sasa vuta kiti ukae, umeomba usemwe.

Kwanza nikutoe kwenye upweke. Huu mchezo wenu wa kuongeza na kukamua hamkuuanzisha ninyi. Mimi fundi wangu wa viatu namwambia nasafiri Jumatano hali nasafiri Jumamosi, naye ananiambia vitakuwa tayari Jumatatu huku moyoni anajua ni Ijumaa, na Ijumaa tukikutana kila mmoja anajiona mjanja. Mwaka juzi nilisafiri Jumatano kweli. Nilikwenda kuhutubia mkutano wa walimu nimevaa kandambili. Hakuna aliyenionea huruma na sikustahili.

Jiulize kwa nini Bwana Stoo alikuwa anaongeza. Wewe unamwona mzee mwenye maji mengi. Mimi namwona mtu anayeogopa kusimama mbele ya madaktari bila mashuka, na mkataba wenu unamruhusu kuandika mia sita bila kuwajibika hata kwa moja. Ungekuwa wewe ungeandika ngapi? Halafu wewe ukaanza kupunguza kwa siri. Mtu hashindwi kunusa jambo kama hilo, kwa hiyo hata kama angetaka kuacha kuongeza asingeweza, kwa sababu alijua akiandika mia nne utamshonea mia mbili sitini na kitu. Yeye aliongeza kwa sababu unapunguza, wewe ulipunguza kwa sababu anaongeza, na mkakaa hivyo miaka ishirini mkiheshimiana. Na wewe ukauita mchezo huo ubingwa. Hukuwa unasoma oda, mama. Ulikuwa umemzoea mtu mmoja. Alipoondoka, ujuzi wote uliondoka naye, na wewe hukugundua.

Akaja mtu ambaye hakuambiwa sheria za mchezo wenu. Akafanya jambo la ajabu, akahesabu. Akakuandikia kwa mkono wake kwamba amehesabu. Ukapiga simu, akakupa hesabu yenyewe, vitanda mia, seti tatu, mashuka mawili. Ulikuwa nayo sikioni! Mtoto wa darasa la nne angeizidisha. Lakini wewe ulisikia "elfu moja" na "mbavu zinauma" ukaacha kusikia kilichotangulia. Umempima mtu wa stoo kwa mdomo wa sebuleni. Watu wengi wanaotia chumvi mezani ni makini kupita kiasi kazini, na wengi wenye maneno machache na sura ya kuaminika wamewahi kutuachia hasara. Namba haipimwi kwa sauti ya aliyeitamka, inapimwa kwa kuuliza imetoka wapi, na hospitali iko mbali gani na karakana yako kwamba hukuweza kwenda kuvihesabu vile vitanda miezi mitatu iliyopita?

Hilo ndilo kosa, na ni dogo kuliko lile la barua. Kukadiria vibaya kunampata kila mtu. Lakini ulipopiga mhuri kwamba una kitambaa cha mia sita ukiwa umeagiza cha mia nne, ulimnyang'anya wifi yako kitu kimoja ambacho angeweza kukitumia, nacho ni muda. Angejua mwezi ule, angetafuta njia. Ulimwacha atembee akijivunia wewe.

Sasa hao washauri wako wa nyumbani. Mume wako ni mtu mwema, naomba umpelekee salamu zangu, na umwambie kiwanda kisiingizwe kwenye jambo hili. Si kwa sababu utagundulika tu. Fikiri mbele kidogo. Wifi yako ukimwambia kiwanda kinachelewesha, ataamini, kwa kuwa anakuamini. Na kwa kuwa ni mtu makini, ataliweka hilo kwenye mipango yake. Mwakani ataagiza mapema mno, ataongeza mia mbili za tahadhari, nawe utaiona karatasi utasema ina maji. Utakuwa umemchukua mtu pekee aliyekuja na namba kavu ukamfundisha kuilowanisha. Uongo wa namna hiyo hauishi siku unaposemwa, unaingia kwenye hesabu za watu na kukaa humo.

Na msimamizi wako, huyo mwenye pamba nyepesi, sitaki hata kumsikia. Unaniambia ulisimama wodini ukalishika shuka la miaka kumi na moja kama ndugu yako, halafu unaniuliza mimi kama ushone lile lile pindo kwenye kitambaa kitakachochanika chini ya mama aliyejifungua jana? Hukuniuliza, najua. Lakini uliliandika, na ukaacha nafasi baada yake. Hiyo nafasi naifunga.

Unauliza, akithibitishwa kwa uongo wako, si afadhali kwake? Hapana. Ukinyamaza, siku ya ufunguzi makabati mia yatafunguliwa na seti ya tatu haimo, mbele ya muuguzi mkuu na wakubwa wake, na yeye ndiye aliyesema hakuhesabu mashuka kwa sababu ya barua yako. Hapo hana la kujibu. Ukisema leo, ana wiki nne. Angalia hesabu yako mwenyewe, uliyoikimbia kwa hofu: mia nne, kwa vitanda mia, ni seti mbili kamili. Moja kitandani, moja kwa wafuaji. Inayokosekana ni ya kabatini. Kwa hiyo wodi inaweza kufunguliwa, wafuaji wakiambiwa mapema kwamba kwa wiki tatu za mwanzo, hadi mia mbili zifumwe na kushonwa, wafue kila siku bila kuruka, au akaazima kwenye wodi nyingine zenye akiba. Na tena vitanda vyote mia havitajaa siku ya kwanza, nadhani sabini tu...

Umeona? Nimeanza kukamua na mimi. Vitajaa vingapi si kazi yangu kusema wala yako. Ni kazi yake, na ameshaonyesha kwamba anaijua. Wewe mpe ukweli umwachie apange.

Haya, fanya hivi. Kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, piga simu kiwandani uagize marobota manne, uombe wakuandikie tarehe. Usiende kwa wifi na kilio, nenda na tarehe. Kisha kesho asubuhi nenda stoo, si nyumbani kwake, na mume umwache. Mambo ya stoo yazungumzwe stoo, yule mwenye miwani ndiye unayemtafuta. Usianze na hali ya hewa. Mwambie, "Wifi, nilikuandikia nina kitambaa cha mia sita, nilikuwa nimeagiza cha mia nne. Sikuamini namba yako na sikukuambia. Mia nne ziko tayari leo, mia mbili zitakuja tarehe hii. Barua nitakayompa muuguzi mkuu ni hii hapa." Na uwe nayo kweli mkononi, imeandikwa, ina mhuri ule ule, inasema kosa ni la karakana na kwamba makadirio ya stoo yalikuwa sahihi hadi shuka la mwisho. Hiyo barua ndiyo itakayoingia kwenye kikao chao. Mtu aliye kwenye majaribio hapati kila siku mshonaji wa miaka ishirini na mbili akimtolea ushahidi kwamba namba yake ilikuwa kweli.

Sitakuahidi kwamba watamthibitisha. Nakuahidi kwamba hutakuwa wewe uliyemwangusha. Atakasirika, na mkikutana nyumbani atawaambia ndugu wote kwamba ulimuua akafufuka. Msikilize, usimsahihishe. Ana haki ya chumvi kidogo safari hii.

Hasira ikipoa, kaeni chini mrekebishe ule mkataba, maana ukibaki vile ulivyo mtarudi kule kule hata mkiwa malaika. Aandike namba mbili. Ya kwanza ni mashuka ambayo hospitali itachukua hata iweje, kitambaa kikikatwa ni chao. Ya pili ni yale ambayo huenda wakayahitaji, na ataje siku ambayo atakuambia ndiyo au hapana, siku iliyo kabla ya zamu yako kiwandani na si baada. Na wewe uandike zako mbili, unachoweza kwa hakika na unachotarajia tu, na barua yako iwe na nakala ya oda ya kiwanda ili asihitaji kukuamini kwa sura. Aje ahesabu marobota yako. Nenda uhesabu vitanda vyake. Hakuna atakayeona hayo ni matusi isipokuwa mtu mwenye cha kuficha.

Na jambo la mwisho, kwa kuwa barua yako imejaa fahari na sitaki uitoe yote. Una haki ya kuringia pindo lako, liringie. Nimeona wanaotengeneza vitu vibovu na kulala fofofo, wewe una mia nne zisizo na dosari na bado umeandika kurasa sita kwa sababu ya mia mbili. Lakini ulikuwa unajivunia kutokosea, na hiyo si fahari ya fundi, ni bahati uliyoivalisha nguo nzuri. Fahari ya fundi ni mtu kulijua kosa lake kabla ya mteja, kumfuata nalo mlangoni, na kuondoka amelitia tarehe.

Stoo inafunguliwa saa mbili. Fika saa mbili kasoro dakika kumi, ukiwa umevaa vizuri.